Kiambatisho Kirudi Kijijini

Mwaka 2019 mtaalamu wa mimea kutoka Italia, Andrea Bianchi, alikuwa akizunguka mabonde ya Udzungwa pamoja na Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, wenyeji wanaoijua miti ya milima ile kuliko kitabu chochote. Wakakuta mti ambao hakuna kati yao aliyeweza kuupatia jina. Sampuli zikachukuliwa, zikalinganishwa na zile zilizokaushwa na kutunzwa kwenye makusanyo ya mimea, na mwaka 2025 wanasayansi wakautangaza kuwa aina mpya kabisa: Tessmannia princeps. Ni mti unaofika mita 40, na mikubwa yake inakisiwa kuwa na umri wa hadi miaka 3,000. Iliyokomaa ni michache.

Vyombo vya habari vya nje vilishangilia umri. Jambo zito zaidi lilikuwa anwani. Mti huu haukupatikana ndani ya hifadhi ya taifa wala kwenye msitu wa serikali kuu. Umo katika misitu ya hifadhi ya ardhi ya vijiji, Uluti na Boma la Mzinga. Kwa hiyo mlinzi wa mti ambao huenda ulikuwa umeshakuwa mkubwa kabla jiwe la kwanza la msikiti wa Kilwa Kisiwani halijawekwa ni kamati ya maliasili ya kijiji: wakulima wanaokwenda doria kwa zamu, wakirudi wanaandika majina kwenye daftari.

Udzungwa si peke yake. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, inayojulikana kwa kifupi cha NAFORMA, ilitoa matokeo yake mwaka 2015 baada ya kupima viwanja zaidi ya 30,000 nchi nzima. Tanzania Bara ilionekana kuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo lote la ardhi, na karibu asilimia 46 ya misitu hiyo iko kwenye ardhi ya vijiji. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, pamoja na magari yake, sare zake na nyundo za kugonga alama kwenye magogo, unasimamia eneo dogo kuliko hilo. Tathmini hiyohiyo ilikadiria kwamba nchi ilikuwa ikipoteza hekta 372,816 za msitu kila mwaka.

Mamlaka haya ya vijiji hayakushuka tu kutoka Dodoma au Dar es Salaam. Yalidaiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake. Wananchi wa vijiji vinavyouzunguka wakagoma, wakasema msitu ni wao na wataulinda wao. Mwishowe wakaachiwa, na miti ikaanza kurudi. Kutokana na mifano ya namna hiyo ikaja Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, na sasa kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kuuza mazao. Sheria inaweka sharti moja kubwa: kuwe na mpango wa usimamizi. Na mpango wa kuvuna hauandikiki bila kujua kuna miti gani, mingapi, ya unene gani.

Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamivu anapoingia kwenye hadithi hii, na hapo ndipo mambo yanapokwama.

Kwa zaidi ya miaka 40 misitu ya Tanzania imekuwa shamba la utafiti. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984 pale Morogoro, kimetoa madaktari wa misitu mwaka hadi mwaka. Wengine, Watanzania kwa wageni, wametahiniwa Johannesburg, York na vyuo vya Ulaya Kaskazini wakiwa na takwimu zilizokusanywa Kilosa, Kilwa, Lushoto au Mufindi. Mada inarudiarudia kwa sura nyingi: wingi wa aina za miti, na namna ya kuuvuna msitu bila kuumaliza.

Kazi yenyewe ni ya jasho. Mtafiti hupanga viwanja vyake kwenye ramani, kisha huvifuata kwa miguu, viwe bondeni au ukingoni mwa jabali. Katika mpangilio wa NAFORMA kiwanja kilikuwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 15, na ndani yake maduara madogo zaidi: kadiri mti ulivyo mwembamba ndivyo unavyotafutwa kwenye duara dogo, maana kuhesabu kila kijiti kwenye duara kubwa ni kazi isiyoisha. Kila mti hufungwa tepu usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Jina lake hutajwa na mzee wa kijiji aliyeajiriwa kwa posho ya siku, mtafiti anaandika, na baadaye jina la Kilatini linatafutwa. Kiwanja kwa kiwanja, kijiji kwa kijiji, mwaka mzima unaweza kwisha.

Kisha mtafiti anarudi chuoni, na takwimu zinasagwa. Kinachotoka kwanza ni fahirisi. Mashuhuri zaidi ni ya Shannon, kanuni iliyobuniwa mwaka 1948 na Claude Shannon, mhandisi wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, kwa ajili ya kupima habari zinazopita kwenye nyaya. Wanaikolojia waliiazima, na leo karibu kila tasnifu ya misitu ina ukurasa unaotangaza kwamba msitu fulani una fahirisi ya 3 na ushei, yaani una aina nyingi. Kwa mtahini hiyo ni lugha kamili. Kwa kijiji ni namba isiyokatika kuni.

Fahirisi hiyo ina kasoro kubwa kwa mwenye msitu: haijui mti gani ni upi. Misitu miwili inaweza kupata alama sawa, mmoja ukiwa na mninga na mkongo wa kuvunwa, mwingine ukiwa umebaki na miti isiyo na soko hata kidogo. Kinachomsaidia mjumbe wa kamati ya maliasili ni jedwali lililofichwa nyuma kabisa ya tasnifu, ukurasa wa 190 huko, chini ya kichwa "Kiambatisho": mninga wenye unene wa chini ya sentimita 10, idadi, wa 10 hadi 20, idadi, wa 20 hadi 30, idadi, na kuendelea. Mtu yeyote aliyewahi kufuga ng'ombe analisoma jedwali hilo bila msaada. Ndama wapo? Mitamba ipo? Au zizi lina vikongwe tupu? Msitu wenye afya huwa na miche mingi, miti ya kati michache na mikubwa michache zaidi. Pengo likionekana katikati, kuna kizazi kilichokosekana, na uvunaji wa leo unakula akiba ambayo haina mrithi.

Jedwali hilo ndilo kijiji kinalihitaji. Ndilo pia ambalo halirudi.

Chukua kazi ya Emmanuel Luoga, aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 2000, ilihusu msitu wa miombo wa Kitulangalo, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, na ardhi za vijiji zinazopakana nao. Abiria wa mabasi wanaujua upande ule kwa magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya lami. Luoga na wasimamizi wake walilinganisha msitu uliohifadhiwa na ardhi ya wananchi. Walikuta aina za miti zaidi ya 100, nyingi zikiwa na matumizi: dawa, nguzo, mbao, kuni, mkaa. Walionyesha kwamba kwenye ardhi ya vijiji kinachokatwa kwa mwaka kilikuwa kimezidi kinachoota. Walionyesha pia kwamba faida ya mkaa huonekana kubwa kwa sababu mti wenyewe hauna bei kwenye hesabu ya mchomaji, na nguvu zake mwenyewe hazihesabu kuwa gharama.

Na wakaonyesha jambo la tatu, ambalo lingepaswa kubandikwa ukutani kwenye kila ofisi ya mtendaji wa kijiji katika ukanda wa miombo: miti mingi ya miombo haifi ikikatwa. Myombo, mtondoro na wenzao huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi. Kisiki kilichokatwa vizuri kina mizizi mikubwa tayari, na chipukizi lake hukua haraka kuliko mche uliotoka kwenye mbegu. Kinachoua msitu ni yale yanayofuata baada ya shoka: moto wa kila kiangazi, mifugo isiyodhibitiwa, na zaidi ya yote shamba, pale visiki vinapong'olewa ili mahindi au ufuta vipandwe.

Ukilijua hilo, sera nzima ya mkaa inageuka. Badala ya kumkimbiza mchomaji usiku na kumnyang'anya baiskeli, unaweza kumpangia mahali pa kukata.

Wilayani Kilosa hilo limejaribiwa. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA, walivisaidia vijiji kutenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa. Sehemu hiyo hugawanywa katika miraba ya mita 50 kwa 50, na huvunwa kwa kuruka, kama vyumba vyeusi na vyeupe vya ubao wa drafti, ili kila palipokatwa pazungukwe na msitu uliosimama. Kingo za mito na miteremko mikali haziguswi. Miti ya mbao huachwa. Mraba uliovunwa hupumzishwa miaka 24. Ushuru wa mkaa huingia kwenye akaunti ya kijiji, na mkutano mkuu huamua uende darasani, kisimani au zahanati.

Sasa angalia ile namba, 24. Ni makadirio ya muda ambao miombo inahitaji ili irudi kwenye kiasi cha kuvunwa tena. Mraba wa kwanza uliokatwa mwanzoni mwa mradi utafika zamu yake tena katikati ya miaka ya 2030. Je, utakuwa umerudi? Ukiwa na miti ileile, au myombo utakuwa umepungua na nafasi yake kuchukuliwa na mlama? Hakuna tasnifu inayoweza kujibu hilo kwa kipimo cha mara moja. Shahada ya uzamivu huchukua miaka mitatu au minne. Mpingo, mti unaotengenezewa vinyago vya Wamakonde na ala za muziki kama klarineti na obo, huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mninga nao una ujanja wake: mche wake hukauka kila kiangazi juu ya ardhi kwa miaka kadhaa, mzizi ukinenepa chini kimyakimya, mpaka siku moja unapofyatuka na kuwa mti. Mtafiti aliyepita Septemba na kuandika "hakuna mche" huenda alisimama juu ya mizizi yao.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni nusu ya kazi. Thamani yake hupatikana mtu anaporudi pale pale, kwenye miti ileile, baada ya miaka kumi au ishirini. Ushahidi mzuri wa hilo uko karibu. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti uliofuata uharibifu wa misitu kuanzia Dar es Salaam kwenda nje. Waligundua kwamba uharibifu huo husafiri kama mawimbi: karibu na jiji ni mkaa, mbele yake ukataji wa mbao za bei ndogo, na mbele zaidi ukataji wa mbao za thamani. Kati ya 1991 na 2005 mawimbi hayo yalikuwa yamesogea hadi kilomita 120, na kadiri mtu alivyoukaribia mji ndivyo aina za miti zilivyozidi kupungua. Matokeo hayo yalitumika kwenye mijadala mingi ya sera. Lakini yaliwezekana kwa sababu mtu fulani alipima mwaka 1991 na takwimu zake zikatunzwa zikapatikana. Zingepotea, kusingekuwa na wimbi, kungekuwa na picha moja ya 2005.

Kusini mwa mto Rufiji kulitokea kinyume chake. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yalipata njia ya kufika Kilwa, Lindi na Nachingwea, na biashara ya magogo ikalipuka. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya serikali yaliyopaswa kukusanywa kwenye mbao hizo yalipotea. Vijiji vilikuwa vikipokea senti kwa gogo. Moja ya sababu ilikuwa nyepesi mno: muuzaji hakujua ana nini. Mnunuzi alijua, maana yeye alipita msituni kwanza.

Miaka michache baadaye, wilayani Kilwa, mambo yalianza kubadilika. Vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na mradi wa hifadhi ya mpingo ambao leo unaitwa MCDI, vilipima misitu yao, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na kusimamiwa na jamii. Waliopima walikuwa wanakijiji wenyewe. Mwenye orodha ya miti yake, yenye unene na idadi, haongei na mnunuzi kwa sauti ileile ya mwaka 2003.

Hapa wapo watakaosema: mwanakijiji hawezi kupima kisayansi. Hoja hiyo ilishajibiwa, tena kwa tasnifu. Eliakimu Zahabu, aliyetahiniwa Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi mwaka 2008, alifanya kazi na wananchi wa maeneo kadhaa, Kitulangalo ikiwemo, akiwafundisha kupima miti kwa ajili ya hesabu ya kaboni. Alikuwa sehemu ya mradi uliofanya hivyo katika nchi kadhaa za Afrika na Asia. Matokeo yake yalikuwa kwamba watu wenye elimu ya msingi, wakipewa tepu, kifaa cha kuonyesha mahali na mafunzo ya siku chache, hupata vipimo vinavyokaribiana sana na vya wataalamu. Mwaka wa kwanza gharama ni kubwa kwa sababu ya mafunzo. Miaka inayofuata hushuka, kwa kuwa mpimaji anaishi pale pale na hahitaji posho ya safari wala mafuta ya gari.

Anayetilia shaka hilo aangalie tena namna miti inavyotambuliwa. Nyuma ya orodha nyingi za aina za miti kuna mzee aliyetembea mbele akitaja majina. Kwenye tasnifu nyingi hupewa mstari mmoja wa shukrani, mara nyingine bila jina lake. Mambo ya Udzungwa yalikuwa ya heshima kidogo, kwani majina ya akina Mwakisoma yalitajwa pamoja na la mtaalamu wa nje, na iwe hivyo kila mahali.

Basi linalodaiwa si jipya sana wala la gharama ya kutisha. Mtu asitunukiwe uzamivu kwa utafiti uliofanyika kwenye msitu wa kijiji mpaka kiambatisho chake kiwe kimefika kijijini, kwa Kiswahili, kwenye karatasi, na kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Si muhtasari wa sera wenye picha za rangi. Si warsha ya hoteli yenye chai na vitafunio. Jedwali lenyewe: mti, jina la wenyeji, unene, idadi, kiwanja kilipo. Pili, viwanja viwekewe alama za kudumu na kukabidhiwa kwa kamati ya maliasili, pamoja na tepu, ili baada ya miaka mitano wapimaji wa kijiji warudie, na mwanafunzi mwingine atakapokuja aanzie pale alipoachia mwenzake.

Vipingamizi vipo, na kimoja kina uzito. Orodha inayoonyesha mahali mninga mnene uliposimama ni ramani ya mwizi. Watafiti wengi huficha vipimo vya mahali kwa sababu hiyo, na wako sahihi kutoviweka kwenye intaneti ambako mtu wa Guangzhou au wa Buguruni anaweza kuvisoma. Lakini kuvificha dhidi ya mwenye msitu ni jambo jingine. Sanduku la ofisi ya kijiji, lenye kufuli, si mahali salama kupita kiasi, ila mtu anayeshuku kwamba mwenyekiti atauza orodha hiyo akumbuke kwamba mwenyekiti huyohuyo tayari ana mamlaka kisheria ya kusaini mikataba ya uvunaji.

Kipingamizi cha pili ni cha ofisini. Maprofesa hupandishwa vyeo kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida ya kimataifa, si kwa mikutano ya kijiji. Mwanafunzi ana ufadhili wa miaka mitatu, na mwaka wa tatu unaishia kwenye kuandika. Yote ni kweli, na ndiyo maana hiari haitoshi. Liwe sharti la chuo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inayotoa vibali vya utafiti, inaweza kuongeza mstari mmoja kwenye masharti yake.

Kwa nini yote haya kwa ajili ya aina nyingi za miti, wakati msonobari unakua haraka na kuuzwa haraka? Swali hilo linaulizwa kwa haki huko Mufindi na Njombe, ambako familia nyingi zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mashamba ya misonobari, na ambako shamba la serikali la Sao Hill linafunika vilima kwa vilima. Msonobari si adui. Shida ni kuufanya jibu la kila kilima. Nchini China, katika jimbo la Jiangxi, watafiti walipanda miti kwa makusudi, viwanja vingine vya aina moja, vingine vya mchanganyiko wa hadi aina 16. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miaka minane viwanja vya mchanganyiko wa aina 16 vilikuwa na kaboni zaidi ya mara mbili ya wastani wa vile vya aina moja. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliokusanya takwimu za viwanja zaidi ya 770,000 kutoka nchi 44, ulielekea upande huohuo: palipo na aina nyingi, mbao huongezeka. Mizizi hufika kina tofauti, majani hupokea mwanga kwa viwango tofauti, na ugonjwa wa mmoja haumwangushi jirani.

Na Tanzania ina funzo lake la kupanda mti wa kigeni bila kusubiri majibu. Huko Amani, Usambara Mashariki, Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi na asili yake ni upande wa Ziwa Victoria, ulipandwa kwa ajili ya mbao. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, na palipokatwa msitu wa asili musizi ukaota kabla ya wenyeji. Pierre Binggeli alilichunguza jambo hilo. Ni moja ya kazi ambazo wahifadhi wa Amani wanaweza kuzirejea, kwa sababu Amani ina kituo, ina watumishi, na tangu 1997 ina hifadhi ya mazingira asilia yenye ofisi. Kijiji cha kawaida hakina maktaba ya kurejea.

Sasa kuna fedha mpya mlangoni, na hilo linaongeza haraka. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotoka mwaka 2022, wawekezaji wamekuwa wakipita vijijini. Yapo mafanikio ya kweli: vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kulinda misitu yao, na kabla yao Wahadzabe wa bonde la Yaeda walionyesha njia. Lakini kila mkataba wa kaboni huanza na hesabu ya miti. Ikiwa hesabu hiyo imefanywa na upande mmoja tu, kwa Kiingereza, upande wa pili unasaini kwa imani. Kijiji chenye daftari la vipimo vyake vya miaka kumi kinaweza kuuliza kwa nini namba ya mshauri ni ndogo kuliko yake.

Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Morogoro, ndani ya SUA, chuo kilekile ambacho maktaba yake ina tasnifu hizo. Hakuna haja ya kusubiri mradi wala mfadhili. Wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza, wakati wa likizo, wanaweza kupita rafu kwa rafu na kuandika orodha: safu ya kwanza, tasnifu, safu ya pili, kijiji ambacho msitu wake ulipimwa, safu ya tatu, tarehe ambayo kiambatisho kilipokewa kijijini, pamoja na mhuri wa mtendaji. Kwa sasa safu hiyo ya tatu itabaki wazi karibu yote, na orodha hiyo ipelekwe kwenye kikao kijacho cha seneti ya chuo ikiwa hivyo hivyo.